Puse ya Nani

Kwa miaka sita watu wa Kikula, mtaa wetu wa Likasi, walimsifu Octave kwa kazi iliyofanywa na mke wake, na mimi nilijua nikanyamaza. Sikunyamaza kwa wema. Hakuna aliyeniuliza, basi. Mimi ni Hakim, nauza buloni, yaani bolti, na mikanda ya mashine, na mtu akiingia dukani kwangu huwa anauliza buloni, haulizi mambo ya jirani.

Duka langu na karakana ya Octave vinagawana ukuta mmoja wa bati. Octave alikuwa turneri, yaani fundi wa ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kinakichonga, na kazi yake kubwa ilikuwa kukata filé, ndiyo yale meno yanayozunguka mwili wa buloni. Alikuwa fundi kweli, hilo sibishani. Kisha sukari ikamla macho. Kwanza aliona ukungu, halafu vivuli, halafu hakuona kitu, na hakumwambia mtu yeyote ila mke wake, Mwadi.

Mwadi alianza kwa kumsomea vipimo. Kutoka vipimo akahamia kwenye leva, na kutoka leva akahamia kwenye mashine yote. Utaratibu wao ulikuwa hivi. Mteja anafika, Octave amekaa mlangoni, anapokea buloni iliyokatika, anaipapasa, anasema ni ya namna gani, wala hakosei. Halafu anaingia ndani na kufunga mlango, eti kwa usalama wa mteja. Ndani, Mwadi anachonga. Octave anakaa juu ya ndoo na kuongea kwa sauti kubwa, ili mteja asikie mwanamume karibu na mashine. Kazi ikiisha, Octave anajipaka mafuta machafu mikononi, Mwadi ananawa yake, na Octave anatoka na buloni mpya kama mtu aliyetokwa jasho.

Yote hayo nilikuwa nayasikia kupitia bati. Siku moja nilimsikia akisema, "Mwadi, unakaza sana, punguza." Mwadi akamjibu, "Weye kaa kwa ndoo yako." Ndoa yao ilikuwa nzuri.

Octave alikufa mwezi wa pili, wakati wa mvua. Kikula yote ilikuja kilioni, na kila mtu alikuwa na hadithi ya buloni. Huyu alitengenezewa visi, yaani skrubu, ya pampu, yule ekru, ndiyo nati, ya lori, na hakuna turneri mwingine Likasi yote aliyeweza. Ukiihesabu miaka, nusu ya zile hadithi zilikuwa za Mwadi. Yeye alikaa kwenye mkeka na kitambaa cheusi kichwani, akawashukuru mmoja mmoja. Iliniuma sana. Nilikula wali nikanyamaza.

Kilio kilipotolewa, yaani matanga yalipokwisha, Augustin akaitisha mkutano wa familia. Augustin ni mdogo wake Octave, anafanya kazi ya karatasi za mizigo kule mpakani Kasumbalesa. Si mtu mbaya. Nasema hilo mapema ili nisiambiwe nina chuki naye, kwa sababu wakati ule nilikuwa nayo. Kwa desturi yao, mali ya marehemu inarudi kwa ndugu zake. Televisheni ilikwenda, pikipiki ikaenda, makoti yakaenda na hanga zake. Mashine ya kuchonga ndiyo haikwenda, kwa sababu ina kilo elfu moja na mia nne. Augustin alikuwa amepatana na watu wa chuma chakavu waje Jumamosi na lori lenye kreni.

"Shemeji," alimwambia Mwadi kwa upole, "mashine bila turneri ni chuma tu."

"Turneri iko," Mwadi akasema.

"Ni nani?"

"Njo minye, mimi mwenyewe. Tangu myaka sita, njo minye nakataga filé zote. Bwana yangu hakukuwa anaona."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Shangazi mmoja alimwekea mkono begani, akawaambia wengine, "Kilio kimemuchokesha. Mumuache alale kidogo."

Hapo nikasimama. Damu yangu ni ya watu wa Kasongo, tukichokozwa tunasimama. Nikasema, "Ni kweli tupu. Mimi ni jirani, yote ya mama huyu nayasikia, usiku na mchana." Familia nzima ikanigeukia na kunitazama vile anavyotazamwa mwanamume anayemsemea mjane. Mke wangu Tausi alinivuta shati mpaka nikakaa. Nyumbani aliniuliza kama nimerukwa na akili. "Eti unayasikia usiku na mchana, Hakim. Ungesema tu unapitaga na dirishani, tukamaliza."

Augustin lakini ni mtu wa karatasi, anapenda kitu kionekane. Akasema sawa, afanye kazi moja tuione. Kulikuwa na Dominique, mwenye mashine ya kusaga unga kule Mulungwishi, ambaye wiki mbili alikuwa amesimama: visi kubwa inayobana mawe mawili ya kusagia ilikatika. Visi ya Dominique ikiingia, mashine inabaki kwa Mwadi. Isipoingia, Jumamosi lori linabeba. Wote walikubali haraka, kwa sababu wote walikuwa na hakika nani atashindwa. Na Mwadi bila mashine ile alikuwa nani? Mjane wa Kikula mwenye ndoo tupu. Hakuna kazi nyingine aliyoijua, na ile aliyoijua hakuna aliyeamini.

Kilichobaki ni kupata vipimo. Ekru ya visi ile imetengenezwa pamoja na mwili wa mashine ya Dominique, haitoki, na kipande cha visi kilichobaki kilikuwa bado kimekwama humo. Ilibidi mtu aende Mulungwishi. Mwadi hakuthubutu kuiacha karakana. Tangu siku ya mkutano binamu wawili wa marehemu walikuwa wanapitapita humo mikono nyuma, na tayari gia moja kubwa ilikuwa haionekani, nadhani kwa sababu ilikuwa na rangi ya shaba. Kwa hiyo nikasema nitakwenda mimi.

Mwadi alinipa piyakulisi, ile rula ya chuma yenye taya za kubana, na kitana cha kupimia filé, ambacho ni vibati vyenye meno: unavijaribisha kimoja kimoja juu ya buloni mpaka kimoja kilale vizuri. Nikamrudishia vyote. Nikamwambia, "Mama, minye niko na myaka makumi tatu mu buloni." Ndivyo nilivyosema. Tausi ananikumbusha maneno hayo kila Ijumaa.

Mulungwishi nilikuta wanawake na mabeseni yao ya mahindi, wamechoka kungoja, na Dominique amechoka kutukanwa. Nikainama kwenye kile kipande cha visi. Unene wake niliupima kwa futi ya fundi cherehani: milimita ishirini na tano na kidogo. Puse moja, safi. Kisha meno. Nikalaza kidole gumba changu juu ya visi, nikabonyeza vizuri, nikahesabu meno yaliyoingia chini yake. Saba. Nikarudia ili nisije nikalaumiwa. Saba tena. Nikaandika kwenye karatasi: puse moja, filé saba kwa puse.

Lazima nieleze, hata kama ni aibu. Kile kipimo ambacho kwingine kinaitwa inchi, sisi tunakiita puse, kutoka Kifaransa, na puse kwa Kifaransa ni kidole gumba. Octave kila siku alisema filé nane kwa puse, filé kumi kwa puse. Mimi miaka thelathini nimeuza buloni za puse moja na za nusu puse, na muda wote nilijua kidole kinachosemwa ni hiki cha mkononi. Maboksi yalikuja yameandikwa, nikauza. Hakuna mteja aliyewahi kuuliza zaidi.

Ijumaa asubuhi Mwadi alisoma karatasi yangu mara mbili.

"Filé saba?" akauliza.

"Saba."

"Kwa puse?"

"Kwa puse, ndiyo."

Akanitazama. "Puse ya nani?"

Nikamwonyesha kidole changu. Alikitazama muda mrefu kuliko kilivyostahili. Masikio yangu yalianza kupata moto kabla sijaelewa ni kwa nini. Kisha akaniambia, taratibu, kama unavyomwambia mtu habari ya msiba, kwamba puse ya chuma haina uhusiano na vidole vya mtu. Ni milimita ishirini na tano na nukta nne, Likasi na Ulaya na kila mahali, na visi ya unene ule katika vitabu vyote ina filé nane, siyo saba.

"Kama ningalikata saba," akasema, "ingaliingia kidogo tu, ikakwama."

Hakuongeza neno la lori. Niliongeza mwenyewe kichwani. Lori lingekuja, kreni ingeinua mashine, na mama huyu angebaki kwenye sakafu yenye matundu manne ya buloni, kwa sababu mimi nilikuwa na kiburi na kidole. Nilitaka kulia. Nilimwambia nirudi Mulungwishi sasa hivi na kitana, lakini gari langu lilikuwa halina betri, Tausi alikuwa ameiazimisha kwa ajili ya taa za harusi ya watu, na Jumamosi ilikuwa kesho.

"Inawezekana kitabu iko sawa, inawezekana visi ile balitengeneza hivi-hivi," Mwadi akasema. "Lete kidole."

Akachukua piyakulisi. Akaniamuru nilaze kidole mezani na kubonyeza vilevile nilivyobonyeza kule. Nikabonyeza. "Hapana, kule ulibonyeza na kiburi. Bonyeza na kiburi." Nikabonyeza zaidi. Akabana taya za ile rula kwenye ubavu wa kidole changu, akasoma: milimita ishirini na mbili, nukta mbili. Akaigawa kwa saba kwenye simu. Kila jino lilikuwa na hatua ya milimita tatu nukta kumi na saba. Akaigawa puse ya kweli kwa hatua hiyo. Simu ikasema nane na kitu kisicho na maana.

"Munane," Mwadi akasema. "Kitabu iko sawa. Puse yako iko nyembamba, lakini inapima muzuri."

Ni sifa niliyoipokea kwa mikono miwili.

Shida ya pili ilikuwa ile gia iliyopotea. Mashine ya Octave ni ya milimita, na ili ikate kwa puse inahitaji gia yenye meno mia moja ishirini na saba, ambayo kazi yake ni kugeuza milimita kuwa puse. Ndiyo hiyo binamu waliyoionea huruma wakaondoka nayo. Mimi nilikaa chini nikasema tumekwisha. Mwadi alipekua sanduku la gia, akatoa moja ya meno arobaini na tano na moja ya themanini na tano, akaanza kuzifunga.

"Hizo zinatoa puse?" nikamuuliza.

"Zinakosea kidogo. Kwa visi mufupi hakuna mutu atajua."

"Octave ndiye alikufundisha hivyo?"

"Octave hakujua. Ile kubwa ilikuwa nzito ya kupandisha, nikatafuta ingine."

Jumamosi saa mbili asubuhi lori lilikuwa uani. Wale watu wa chuma chakavu wakaweka tayari minyororo yao pembeni ya mashine, kwa adabu. Augustin alileta kiti chake. Mwadi alivaa ovaroli ya marehemu, akakunja mikono, na akaufungua mlango wa karakana mpaka mwisho. Mimi mlango ule sikuwahi kuuona wazi mashine ikifanya kazi.

Filé haikatwi kwa mara moja. Kisu kinapita, kinachora mstari mwembamba kama wa penseli. Kinarudi, kinapita tena ndani ya mstari uleule, kila mara chini kidogo. Na kwa gia zile za kubahatisha kulikuwa na sharti moja: kuna leva inayofunga kisu na mwendo wa mashine, na leva hiyo isifunguliwe mpaka mwisho. Ikifunguliwa, kisu hakitauona tena mstari wake, kitakata mwingine juu yake, na chuma kinatupwa. Kingine cha unene ule hatukuwa nacho.

Mara ya saba kisu kikiwa njiani, umeme ukakatika.

Mwadi akavuta kisu nje taratibu, akaandika kwa chaki namba ya kina alichofikia, akaweka mkono wa kulia juu ya ile leva. Hakuuondoa. Watu wa lori walikuwa wanazunguka wanaangalia mashine watakayoibeba, binamu mmoja alikuwa anaegemea kila kitu, na kiwiko kimoja tu kingetosha kuifungua. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Tausi alimletea ndizi, akaila kwa mkono wa kushoto. Chooni hakwenda.

"Shemeji, kaa," Augustin akasema. "Umeme haiko karibu kurudi."

"Nikiachia hii, mustari inapotea."

Augustin akaitazama leva, kisha mkono. Baada ya muda akainuka, akamsogezea kiti chake mwenyewe, na Mwadi akakaa bila kubandua vidole. Augustin akasimama karibu naye, na binamu alipotaka kuegemea tena akamwambia aende kuegemea lori.

Umeme ulirudi karibu saa saba. Mwadi alikata mara tano zilizobaki, akapitisha kitana, akapitisha piyakulisi, akaifunga visi kwenye kitenge. Betri yangu ilikuwa imerudi kutoka harusini. Tukaenda Mulungwishi, Augustin mbele, Mwadi nyuma na visi mapajani, na lori tukaliacha uani likingoja simu.

Dominique alikuwa amekwisha kutoa kile kipande cha zamani. Akaishika visi mpya, akaiweka mdomoni mwa ekru, akazungusha. Mzunguko wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda. Wa tatu ukakaza. Wanawake wa mabeseni wakasogea karibu, na mimi nikakificha kidole changu mfukoni. Nilimwona Augustin anatafuta simu yake.

"Lete ufunguo mukubwa," Dominique akamwambia mtu.

"Hapana ya ufunguo," Mwadi akasema.

Akairudisha visi nje kwa mkono, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha kati ya meno. Ukucha ukatoka na uji mweupe uliokauka. Akaomba mafuta ya taa. Akafunga kitambaa kwenye kijiti, akakiingiza ndani ya ekru, akatoa unga wa miaka mingi, mgumu kama plasta, akasugua tena mpaka kitambaa kikatoka kisafi. Hakuharakisha hata kidogo. Halafu akaiweka visi tena, akaizungusha kwa vidole viwili.

Iliingia mpaka mwisho kwa vidole viwili.

Dominique akawasha mashine. Mawe yakashikana, unga ukaanza kutoka, na wanawake wakaanza palepale kugombania nani alifika wa kwanza. Augustin akatoka hatua mbili, akapiga simu. "Murudi," akawaambia watu wa lori. Wakamuuliza kitu. "Hapana, hakuna chuma pale. Kuko mashine." Akakata. Mimi nikaketi kwenye gunia.

Augustin naye akaja akaketi kwenye gunia la pili, mbele ya Mwadi, ambaye alikuwa anajifuta mafuta ya taa kwa kitenge.

"Shemeji," akasema. "Yaya, mukubwa wangu, hakukuwa anaona tangu myaka sita?"

"Sita."

"Ndoa ya binti yangu iko na myaka tatu. Mulikuya. Yaya alinishika mukono kwa mulango, akaniambia, 'Augustin, umekonda, unatumikaga sana, pumzika.' Bantu mia mbili balikuwa pale, hakuna hata mumoja aliona ile. Hata muke wangu hakuona. Siku ile nililia kwa choo, sababu muntu aliniona."

Mwadi aliendelea kujifuta vidole, kimoja kimoja.

"Tulikuwa tunakuya kwa mulango," akasema, "nikamuambia polepole kwa sikio: 'Augustin njo huyu, amekonda.'"

Augustin akainamisha kichwa. Alilia, wala si kidogo, mbele ya wanawake wote na mabeseni yao, na mashine ya unga ikiendelea. Mwadi alimngojea. Alipomaliza, akamuuliza kama siku hizi anakulaga muzuri, kwa sababu alikuwa amekonda tena.